Simu Yenye Kutafsiri Lugha: Msaada Wake na Hatari Zake Katika Nyumba ya Askari

Kambi ya jeshi au ya polisi ni mahali pa lugha nyingi. Katika safu moja ya nyumba, mke wa sajini huwagombeza watoto kwa Kilugbara, jirani yake husimulia habari za kwao kwa Kiacholi, na wa tatu huimba kwa Kinyankole huku akianika nguo. Kilichowaunganisha watu wa namna hiyo tangu siku za King's African Rifles ni Kiswahili, na ndiyo sababu lugha hii ilipata makao katika jeshi na polisi wa Uganda hata katika miaka ambayo shuleni haikupewa nafasi kubwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Walakini kazi ya ulinzi haikomi pale Kiswahili kinapokoma. Mwezi Machi 2007 vikosi vya kwanza vya Uganda vilifika Mogadishu, ambako watu husema Kisomali, na wengi wao Kiarabu. Mwezi Novemba 2021 wanajeshi walivuka mpaka na kuingia mashariki ya Kongo. Huko Kiswahili kipo, lakini karatasi za serikali huandikwa kwa Kifaransa, na askari wengi wa nchi hiyo huzoea Kilingala. Polisi naye hahitaji kuvuka mpaka wowote ili akutane na ugeni wa lugha. Uganda imewapa hifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na askari aliyepangiwa zamu karibu na makazi yao aweza kusikia Kidinka, Kinuer, Kirundi na Kinyarwanda katika wiki moja.

Zamani ilikuwa lazima atafutwe mkalimani. Siku hizi askari hutia mkono mfukoni akatoa simu.

Programu za kutafsiri zimekwisha kuenea, na inayojulikana zaidi ni Google Translate, iliyoanza mwaka 2006. Kiswahili kiliingizwa ndani yake mwaka 2009, Kisomali mwaka 2013, Kiganda na Kilingala mwezi Mei 2022. Mwezi Juni 2024 ziliongezwa lugha 110 kwa mara moja, miongoni mwake Kiacholi, Kialur, Kirundi, Kidinka na Kinuer. Mtu aweza kuandika maneno akapata tafsiri yake, aweza kusema na simu ikamjibu kwa sauti, japokuwa si kwa lugha zote, au aweza kuielekeza kamera kwenye maandishi ya kigeni na kuyaona yakigeuka kuwa ya lugha anayoijua.

Kwa mambo madogo chombo hiki ni neema. Mama aliyenunua sabuni ya unga yenye maandishi ya Kichina peke yake aweza kujua kama ni ya kufulia au ya kuoshea vyombo. Koplo aliye ugenini aweza kumwuliza muuza duka bei ya shati, akaambiwa, akacheka, akapunguziwa. Mtoto anayejifunza Kifaransa shuleni aweza kutafuta maana ya neno ambalo baba yake hakupata kulisikia. Tafsiri ikikosea hapo, hasara yake ni shilingi chache au kicheko cha watu sokoni, na kicheko hakijamwua mtu. Taabu huanza pale mtu aliyezoea kuitegemea simu sokoni anapoichukua na kwenda nayo hospitalini au katika chumba cha kuandikia maelezo polisi.

Mwaka 2014 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitangaza matokeo ya jaribio lililofanywa na madaktari wawili. Walichukua sentensi 10 ambazo daktari huwaambia wagonjwa au jamaa zao, wakazitia katika Google Translate ili zigeuzwe kutoka Kiingereza kwenda lugha 26, kisha wakawapa wenyeji wa lugha hizo wazirudishe katika Kiingereza. Zilikuwa tafsiri 260 kwa jumla. Zilizokuwa sahihi zilikuwa 150, na 110 zilikuwa na makosa. Kireno ndicho kilichoongoza, kwa kupata sentensi tisa kati ya kumi. Kiswahili ndicho kilichoshika mkia, kwa kupata moja.

Miongoni mwa zile tisa zilizokosewa kulikuwa na sentensi ya kumwambia mzazi kwamba mtoto wake ana degedege. Kiswahili kilichotoka katika mashine kilimwambia mzazi huyo kwamba mtoto wake amekufa.

Inafaa kuifikiria hali hiyo kwa utulivu. Mtoto yu hai katika chumba cha pili, muuguzi amemshika, dawa inaandaliwa. Mama yuko nje, hajui lugha ya hospitali, na mtu mwenye nia njema anamwonyesha kioo cha simu. Hapana aliyetaka kusema uongo. Daktari kasema kweli, simu haina chuki na mtu, na hata hivyo yule mama amepewa habari ya msiba usiokuwapo.

Kosa hilo lilitokea kwa sababu mashine haijui mtoto ni nini wala degedege ni nini. Hufundishwa kwa kupewa mamilioni ya sentensi za lugha moja pamoja na tafsiri zake katika lugha nyingine, na kutoka humo hujifunza ni maneno yapi yana desturi ya kufuatana. Kwa Kiingereza, neno lile linalotajwa na daktari kwa mtoto mwenye degedege hutumika pia kwa nguo inayomkaa mtu vizuri na kwa fundi anayefunga bomba. Binadamu aliyesimama wodini hawezi kulikosea, kwa sababu anamwona mtoto. Mashine haioni kitu ila maneno, nayo hukisia. Lugha yenye maandishi mengi yaliyokwisha kutafsiriwa, kama Kireno au Kifaransa, huipa mashine mifano mingi ya kukisia vyema. Lugha yenye maandishi machache huiacha ikipapasa gizani.

Ni haki kusema kwamba tangu jaribio lile mambo yamebadilika sana. Kuanzia mwaka 2016 mashine hizi zilianza kujengwa kwa namna mpya, ambayo huisoma sentensi nzima kabla ya kuitafsiri badala ya kuunganisha vipande vya maneno, na Kiswahili chake leo ni kizuri kuliko kile cha 2014. Lakini uzuri huo una ubaya wake. Tafsiri mbovu ya zamani ilijionyesha yenyewe, kwani maneno yalipinda na msomaji akatambua kuwa hapa pameharibika. Tafsiri ya leo hutiririka kama maji, na kosa lililomo ndani yake huvaa nguo safi. Mtu asiyeijua lugha ya pili hana alama yoyote ya kumwonya.

Kwa upande wa polisi, yako mambo mawili yaliyotokea katika nchi za mbali ambayo yanastahili kujulikana katika kila kituo.

La kwanza lilitokea mwezi Oktoba 2017 katika Ukingo wa Magharibi. Mfanyakazi mmoja wa ujenzi, Mpalestina, aliweka katika Facebook picha yake akiwa kando ya tingatinga huko Beitar Illit, alikokuwa akifanya kazi, na chini yake akaandika kwa Kiarabu salamu ya asubuhi njema. Mashine ya kutafsiri ya Facebook iliigeuza salamu hiyo kwa Kiebrania ikawa na maana ya kuamrisha watu washambuliwe. Kwa kuwa matingatinga yaliwahi kutumika katika mashambulizi huko nyuma, polisi wa Israeli walimkamata na kumhoji kwa saa kadhaa kabla ya kosa kutambulika na yeye kuachiwa. Hapakuwa na askari ajuaye Kiarabu aliyeombwa kuyasoma maneno yale kabla pingu hazijatolewa. Facebook iliomba radhi baadaye.

La pili ni la Marekani. Mwezi Septemba 2017, katika jimbo la Kansas, askari wa barabarani alisimamisha gari la mtu aliyejua Kiingereza kidogo sana. Askari akatumia Google Translate katika kompyuta ya gari lake kumwuliza kwa Kihispania kama aweza kulipekua gari. Dereva alionekana kukubali. Zikapatikana dawa za kulevya za uzito wa zaidi ya kilo sita. Kwa desturi hiyo ingekuwa kesi iliyokwisha kushindwa na mshitakiwa. Lakini mahakamani wakalimani wa kazi hiyo walieleza kwamba maneno yaliyotolewa na mashine yalikuwa na maana iliyo karibu zaidi na kumwuliza mtu kama yawezekana kulitafuta gari, jambo la ajabu kuulizwa mtu aliyesimama kando ya gari lake mwenyewe. Mwezi Juni 2018 hakimu aliamua kwamba ridhaa ya namna hiyo si ridhaa, na dawa zile hazikukubaliwa kuwa ushahidi. Askari alikuwa amekamata mzigo mkubwa kwa bidii yake, akaupoteza kwa kitenzi kimoja.

Nchini Uganda sheria haikuliacha jambo hili wazi. Ibara ya 23 ya Katiba ya mwaka 1995 inataka mtu anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu za kukamatwa kwake pamoja na haki yake ya kupata wakili. Ibara ya 28 inampa mshitakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya kusaidiwa na mkalimani bila kulipa chochote. Wakati sheria hiyo ilipoandikwa hapana aliyekuwa akifikiria simu. Maneno yake ni kwamba mtu aelewe, nayo ni shabaha kubwa kuliko kuonyeshwa kioo chenye maandishi.

Liko tena jambo dogo katika maumbile ya Kiswahili chenyewe, ambalo huwapita hata watu wenye elimu. Lugha hii haibagui mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Mama wa kambini akifika kituoni na kueleza ugomvi wa majirani, aweza kusema, "Alimpiga kwa mwiko, naye akamsukuma mlangoni." Aliyekuwapo anajua nani ni nani. Kiingereza, ambacho ndicho lugha ya majalada mengi ya polisi, hakiwezi kuiandika sentensi hiyo bila kuchagua kama mpigaji ni mume au mke. Mashine nayo haina la kufanya ila kuchagua, na mara nyingi humfanya mtendaji kuwa mwanamume kwa sababu ndivyo ilivyozoea kuona katika vitabu. Basi mke aliyepiga hugeuka kuwa mume aliyepiga, au aliyepigwa hugeuka kuwa aliyesukuma, na karatasi hiyo hupelekwa mbele ikiwa na mhuri. Dawa yake si ngumu. Mwenye kuandika maelezo na ataje majina kila mara badala ya kutegemea kitenzi, hata kama sentensi itaonekana nzito. Afande wa zamani waliandika hivyo kabla simu hazijabuniwa, na majalada yao yalisomeka.

Halafu kuna saa. Hapana kosa linalofanana na hili kwa udogo wa sura na ukubwa wa madhara. Mswahili huhesabu saa tangu jua linapochomoza, na Mganda hali kadhalika. Mzungu huhesabu tangu usiku wa manane, na Waarabu wa leo hufuata hesabu hiyo hiyo. Mtu anayezungumza na jirani yake hana haja ya kulifikiria jambo hili. Simu nayo hailifikirii, na huko ndiko kwenye hatari.

Na ichukuliwe mfano wa mwanamke kutoka Sudan Kusini anayejua Kiarabu peke yake, aliyemleta mtoto mwenye malaria katika zahanati ya kambi. Muuguzi anampa mtoto kipimo cha kwanza cha dawa ya Coartem saa nne asubuhi, mbele ya macho yake. Kipimo cha pili cha dawa hiyo hutolewa baada ya saa nane, kisha hufuata asubuhi na jioni kwa siku mbili. Kwa hiyo muuguzi anasema katika simu, kwa Kiswahili safi, kwamba kipimo cha pili kitolewe saa kumi na mbili jioni. Simu huenda ikaihamisha namba kumi na mbili kama ilivyo. Kwa hesabu ya mwanamke yule, saa kumi na mbili baada ya jua kutua ndiyo ile ambayo Mswahili huiita saa sita usiku. Anakwenda nyumbani, anangoja kwa uaminifu, na mtoto anapata dawa baada ya saa kumi na nne badala ya nane. Kila mmoja ametimiza wajibu wake.

Wako watu wanaoshauri kwamba tafsiri ijaribiwe kwa kurudishwa: maneno ya Kiarabu yaliyotoka yatiwe tena katika simu yageuzwe Kiswahili, na kama yanafanana na yale ya kwanza basi ni salama. Shauri hilo ni jema kwa mengi, na askari ajizoeze kulifuata. Lakini kwa saa halifai kitu. Kumi na mbili itakwenda kumi na mbili na kurudi kumi na mbili, na muuguzi atatikisa kichwa kwa kuridhika. Kosa limekwenda na kurudi pamoja na maneno. Katika hili wanajeshi wana bahati, kwa kuwa wamekwisha kufundishwa hesabu ya saa ishirini na nne. Anayeandika 1800 haeleweki vibaya Mogadishu, Bunia wala Kampala, na hakuna sababu ya hesabu hiyo kubaki katika amri za kikosi bila kuingia katika karatasi ya dawa ya mtoto. Mahali pasipo na uhakika hata wa tarakimu, saa huchorwa mishale yake, na kando yake likachorwa jua au mwezi.

Akina mama wanalo jambo lao la pekee. Kiswahili ni lugha ya staha, na mambo ya mwili wa mwanamke husemwa kwa kuzungukwa. Mwanamke husema hajaziona siku zake, au kwamba ni mzito, au mimba imetoka, au amekwenda haja mara nyingi, na kila mama mwenzake humwelewa. Mashine hupenda kuchukua maneno kama yalivyo. "Sijaziona siku zangu kwa miezi miwili" yaweza kufika kwa daktari mgeni kama habari ya mtu aliyesahau tarehe. Huyo daktari ana haraka, foleni ni ndefu, naye huendelea na swali la pili, na pengine huandika dawa isiyomfaa mwenye mimba. Mbele ya simu inafaa staha iwekwe kando na jambo litajwe kwa jina lake: hedhi, mimba, damu, kuharisha. Wanawake wengi huona haya kutaja maneno hayo kwa sauti mbele ya watu, hasa akiwapo mtoto wa kiume anayeishika simu kwa kuwa ndiye aijuaye. Basi na yaandikwe. Na huyo mtoto apewe kazi nyingine. Ni desturi mbaya inayoota mizizi, ya kumfanya kijana wa miaka kumi na miwili kuwa mkalimani wa maradhi ya mama yake, eti kwa sababu vidole vyake ni vyepesi.

Kuhusu kamera na maandishi ya vifurushi, la kushikwa ni moja. Maneno na yasomwe na simu, lakini namba zisomwe na macho ya mtu mwenyewe katika kifurushi chenyewe. Kipimo cha maziwa ya mtoto mchanga au cha dawa ya kuulia wadudu huandikwa kwa tarakimu ambazo msomaji anazijua tayari, na kamera iliyotikisika huweza kulipoteza nukta. Kipimo cha 0.5 kikisomwa 5 ni mara kumi.

Aidha, iwapo sentensi ni fupi, makosa hupungua. Wazo moja kwa sentensi moja, bila methali, bila mzaha, bila mafumbo. Kiswahili cha kambini, chenye maneno yake na njia yake ya mkato, huichanganya mashine, kwa kuwa ilijifunza kutoka maandishi ya Kiswahili sanifu. Kile cha mashariki ya Kongo, ambako "watoto" husemwa "batoto", huichanganya vilevile. Askari aliye huko ataelewana na raia mapema zaidi kwa kusema naye taratibu, ana kwa ana, kuliko kwa kuiweka mashine katikati ya Waswahili wawili.

Huko msituni mtandao nao haupatikani kila mahali. Programu nyingi huruhusu lugha ipakuliwe na kuhifadhiwa katika simu kabla ya safari, ikatumika bila mtandao na bila kula data. Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu zimo katika zile ambazo Google Translate huziruhusu kuhifadhiwa hivyo. Lugha nyingine nyingi hazimo, kwa hiyo inafaa mtu ajaribu akiwa nyumbani, simu ikiwa imefungwa mtandao, asije akagundua upungufu huo mbele ya mgonjwa. Tafsiri ya namna hii aghalabu huwa dhaifu kidogo kuliko ile ya mtandaoni.

Ama ile ya mtandaoni, kila mwenye sare ajue inakopita. Maneno yanayoandikwa katika simu hayatafsiriwi ndani ya simu. Husafiri hadi kwenye kompyuta za kampuni, nchi za ng'ambo, na huko ndiko hugeuzwa. Mwezi Septemba 2017 shirika la utangazaji la Norway, NRK, lilifichua kwamba karatasi za kampuni kubwa ya mafuta ya nchi hiyo, zikiwamo barua za kuachisha watu kazi, mikataba na maneno ya siri ya kufungulia kompyuta, zilikuwa zikipatikana wazi mtandaoni kwa mtu yeyote mwenye kutafuta. Wafanyakazi hawakuziiba. Walikuwa wamezitia katika mtandao wa kutafsiri bila malipo, wakapata tafsiri yao, wakasahau. Amri ya kikosi, jina la mahali kilipo, orodha ya majina, maelezo ya shahidi anayeogopa kujulikana: hayo yakikosa mkalimani ni afadhali yangoje. Hata mke anayetaka kutafsiriwa ujumbe wa jirani wa mumewe huko ugenini aangalie kwanza kama ndani yake mmetajwa barabara, kituo au siku ya kurudi.

Liko jambo ambalo kila nyumba yaweza kulifanya Jumamosi moja, kabla haja haijatokea. Muuguzi wa zahanati aombwe kuandika kikaratasi kwa kila mtoto na kwa mama mwenyewe, kwa Kiswahili na Kiingereza: kundi la damu, kama ana selimundu, kama ana kifafa, kama mwili wake unaikataa penisilini, dawa anazotumia kila siku na vipimo vyake. Askari anayekwenda Kongo au Somalia na apate cha kwake katika Kifaransa, Kiarabu au Kisomali, kilichoandikwa na mtu aijuaye lugha hiyo, si mashine. Kikaratasi kikunjwe katika kitambulisho, na picha yake itiwe katika simu.

Na kambi nazo zina utajiri ambao hauhitaji data. Katika safu ile ile ya nyumba, mke wa sajini anajua Kilugbara, yule wa pili Kiacholi, mzee mlinzi wa lango alikaa Juba akajua Kiarabu, na binti wa koplo amesoma Kifaransa hadi kidato cha sita. Zahanati yaweza kubandika mlangoni orodha ya lugha na namba ya nyumba ambako msemaji wake hupatikana, usiku na mchana. Karatasi moja yatosha, na saa za kupatikana ziandikwe kwa hesabu ya ishirini na nne.